Haijaungua, Imekabwa!

Wiki hii sina stori ya mapenzi wala ya disko. Nina kesi ya vakyumu klina, na mkosaji ni mimi mwenyewe, ingawa kwa siku mbili nzima aliyesota nayo ni mtu mwingine.

Naishi kwa dada, Sinza. Shemeji alikuja na hiyo mashine kutoka Dubai, kile kipipa chenye matairi na bomba refu kama mkonga wa tembo. Msidhani ni mambo ya kujidai. Dada ana pumu, na zulia la sebuleni likifagiliwa kwa fagio la kawaida, usiku hatulali, ni kumpepea tu. Kwa hiyo pale nyumbani vakyumu ni kama dawa.

Basi bwana, mafundi wa jipsamu walimaliza dari ya chumba changu wakaniachia unga mweupe kila kona. Nikaona kupiga deki ni ushamba. Dada yuko kazini, hausigeli kaenda sokoni, nikaiburuta vakyumu chumbani. Mwanzoni mambo bomba! Baadaye mlio ukaanza kuwa mwembamba, kama mbu mwenye hasira. Mimi nikajua ndiyo imechanganya. Kumbe inakata roho. Ikazimika, kimya. Kuigusa mgongoni, moto kama pasi. Nikaipangusa, nikairudisha mahali pake, nikaenda zangu kijiweni kama vile si mimi.

Kesho yake hausigeli akaiwasha. Ikavuma dakika chache, ikazima tena. Dada akaja juu: "Umeniulia mashine!" Akaitwa fundi wa mtaani. Jamaa akaitingisha, akainusa, hakufungua hata skrubu moja, akatoa hukumu: mota imeungua, isukwe upya, shilingi 120,000. Dada akasema zitakatwa kwenye mshahara wa yule binti, kidogo kidogo. Mshahara wenyewe huo, jamani, mnaujua. Binti akainamisha kichwa. Mimi niko mezani natafuna chapati, na chapati ikagoma kushuka.

Usiku sikulala vizuri. Asubuhi nikaibeba mashine kwenye daladala, konda akanitoza nauli ya mzigo, hadi Gerezani kwa mzee mmoja anayetengeneza mota. Nikamwamkia, nikaiweka chini.

"Kabla ya kuzima ililia nyembamba?"

"Ndiyo, mzee."

"Ulikuwa unafyonza nini?"

Nikamwambia. Akacheka mpaka akavua miwani. "Haijaungua hii, mwanangu. Umeikaba koo."

Akafungua. Mfuko umeganda kama gunia la unga wa ngano, na sponji iliyo mbele ya mota imekuwa plasta. Akanieleza, nami nawapa bure: mota ya mashine hizi hupozwa na upepo uleule inaouvuta. Ukiziba njia, feni inazunguka bila hewa ya kusukuma, ndiyo maana mlio unapanda, na mota inachemka. Nyingi zina kiswichi ndani kinachokata umeme joto likizidi. Ikipoa, nusu saa au zaidi, inawaka tena. Usipoondoa kilichoziba, itazima tena, na mafundi wa kutingisha watakula pesa yako.

Kwa hiyo yako ikizima, chomoa waya ukutani kwanza, usijifanye shujaa. Tazama mfuko, usingoje ufure kama puto. Chomoa bomba, dondosha sarafu upande mmoja. Isipotokea upande wa pili, kuna soksi humo, au karatasi za pipi. Sukuma kwa mpini wa fagio, siyo waya wa seng'enge, utalitoboa. Filta ya sponji osha kwa maji matupu, anika kivulini mpaka ikauke kabisa, siku nzima ikibidi. Ukiirudisha mbichi, unaipelekea mota maji. Ukiona cheche nyingi na harufu ya kuungua, hapo ni kaboni za mota zimelika; zinabadilishwa zote mbili kwa pamoja, na bado si lazima mota isukwe. Na jipsamu, saruji, majivu ya jiko la mkaa, hivyo ni vya fagio na kitambaa kibichi. Mwenzenu nimeshajua.

Wanunuzi wa mtumba nanyi, geuzeni mashine msome kibandiko chini. Ikiandikwa volti 120 ni ya Marekani. Umeme wetu ni 230. Bila transfoma utaona moshi.

Mzee alipuliza kila kitu kwa kompresa, akatia mfuko mpya, 15,000. Halafu kuna jambo nilisoma likanichoma zaidi. Aliyetengeneza vakyumu ya umeme ya kusukuma kwa mkono, mwaka 1907, pale Canton, Ohio, hakuwa bosi. James Murray Spangler alikuwa mfagiaji wa duka, tena mgonjwa wa pumu. Alichukua mota ya feni, mpini wa fagio na foronya ya mto ikawa mfuko. Mwaka 1908 akapata hataza, haki zikanunuliwa na familia ya Hoover, na jina lililobaki midomoni mwa watu ni la mnunuzi.

Jioni nikaiwasha sebuleni mbele ya wote wawili, nikasema ukweli. Dada hakunipigia kelele, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya. Alimgeukia binti akamwambia, "Mdogo wangu, nisamehe." Binti akasema "haya," akaenda zake jikoni. Na mimi mpaka leo hajaniongelesha zaidi ya salamu.

Kuosha filta sasa ni kazi yangu kila Jumamosi. Nikiandika hapa imeanikwa uani, kivulini, na dada ameshachungulia mara mbili kuuliza kama imekauka.