Kifua kikuu: Usijitetee kwa damu ya ukoo

BWANA mmoja wa makamo alikuja kliniki yangu akiwa na mkewe, ambaye alikuwa amekohoa kwa miezi mitatu. Makohozi yalipopimwa, ilibainika kwamba mama huyo alikuwa na kifua kikuu. Nikamwomba mumewe apimwe pia, na awalete watoto wote walioko nyumbani. Alitabasamu, akasema: "Daktari, nimelala kitanda kimoja na huyu miezi yote hiyo na sijakohoa hata siku moja. Ukoo wetu haupati kifua, na watoto wangu wamechukua damu yangu."

Wasomaji wengi watamcheka bwana huyu. Mimi sikumcheka, kwa sababu nusu ya maneno yake ni kweli. Nusu ya pili ndiyo inayoua watu, na nadhani sisi madaktari tunastahili lawama kwa kutowaeleza wananchi tofauti kati ya nusu hizo mbili.

Tuanze na ile ya kweli. Kifua kikuu huletwa na kiini ambacho Robert Koch alitangaza ugunduzi wake mjini Berlin tarehe 24 Machi, 1882. Huenea kwa hewa mgonjwa anapokohoa, anapozungumza au anapoimba. Inakadiriwa kwamba karibu robo ya watu wote duniani wameambukizwa. Hata hivyo, kati ya kila watu 100 walioambukizwa, ni 5 hadi 10 pekee watakaougua maishani mwao, endapo hawana virusi vya Ukimwi. Wengine hukaa nacho bila kujua, au miili yao hukiangamiza kabisa.

Kwa nini huyu augue na yule asiugue? Kiini kinapoingia mapafuni humezwa na chembe za kinga ambazo kazi yake ni kusafisha uchafu. Ajabu ni kwamba hakifi kwa urahisi kikishamezwa, bali hujificha ndani ya chembe ile ile iliyokimeza. Hapo chembe nyingine nyeupe za damu hutoa kemikali iitwayo interferoni gama. Hii ni kama mbiu ya mgambo: huiamsha chembe iliyokimeza kiini ili ipate nguvu za kukiua. Chembe nyingi hukusanyika na kukizingira kama ukuta. Ukuta ukiwa imara, mtu hana neno. Ukibomoka, huanza kukohoa, kutokwa na jasho usiku na kukonda.

Kila hatua ya kazi hiyo huongozwa na jeni, yaani maagizo ya urithi ambayo mtu hupata nusu kwa baba na nusu kwa mama. Maagizo hayo hutofautiana kidogo kati ya mtu na mtu, na tofauti hizo zina uzito. Mwaka wa 1943, Kallmann na Reisner walitoa matokeo ya uchunguzi wao kuhusu mapacha nchini Marekani. Pacha mmoja alipougua kifua kikuu, mwenzake aliugua pia mara nyingi zaidi walipokuwa wa yai moja kuliko walipokuwa wa mayai mawili.

Mwaka wa 1996, madaktari walieleza habari za watoto wa Malta na Tunisia waliozaliwa na hitilafu katika jeni moja, hata chembe zao zikashindwa kuipokea ile mbiu ya interferoni gama. Waliugua vibaya kwa viini vya jamaa ya kifua kikuu ambavyo kwa kawaida havimdhuru mtu. Mtoto wa Tunisia alikufa kutokana na viini dhaifu vya chanjo ya BCG. Mwaka wa 1998, utafiti uliofanywa Gambia ulionyesha kwamba tofauti katika jeni iitwayo NRAMP1 zilihusiana na hatari ya kuugua. Na mwaka wa 2018 ikabainika kwamba mtu anayerithi badiliko fulani la jeni ya TYK2 kwa wazazi wote wawili yumo katika hatari kubwa zaidi. Huko Ulaya, mtu mmoja katika kila 600 hivi ana urithi huo.

Ushahidi mwingine umetoka karibu nasi. Mjini Kampala, watafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere na wenzao wa Marekani waliwafuatilia kwa miaka kadhaa watu waliokaa nyumba moja na wagonjwa. Wachache kati yao walipimwa tena na tena, kwa kipimo cha ngozi na cha damu, na hapakuonekana dalili ya kuambukizwa. Mwaka wa 2019 watafiti walitangaza kwamba damu za watu hao zilikuwa na kingamwili na chembe zinazokitambua kiini hicho. Maana yake ni kwamba walikuwa wamekutana nacho, lakini miili yao ilikikabili kwa njia tofauti na ya wengine.

Basi huenda bwana yule ni mmoja wa watu hao. Huenda. Hapo ndipo nusu ya kweli inapokomea.

Kwanza, kutougua leo si hakikisho la kesho. Wengi wa wale wanaougua baada ya kuambukizwa huugua katika miaka miwili ya kwanza. Miezi mitatu bila kikohozi si ushahidi wa chochote. Isitoshe, hakuna kipimo cha jeni ninachoweza kumpa mtu kliniki ili kimwambie kama atapona au ataugua. Hitilafu kubwa kama ile ya watoto wa Malta ni nadra mno. Kwa watu wengi, jeni zinazohusika ni nyingi, na kila moja ina nguvu kidogo tu.

Pili, hata kama baba ni mgumu, mtoto si nakala yake. Amechukua nusu ya maagizo kwa mama, na mama ndiye mgonjwa. Tena kinga ya mtoto wa chini ya miaka mitano haijakomaa. Kwake kiini huweza kutoka mapafuni na kushambulia utando wa ubongo katika muda mfupi. Mtoto wa namna hiyo asipotibiwa hufa, na akichelewa kutibiwa huweza kupona akiwa kiwete au kiziwi.

Tatu, kiasi cha viini anachovuta mtu kina maana sana. Mjini Lübeck, Ujerumani, mwaka wa 1930, chanjo ya BCG waliyonyweshwa watoto wachanga wapatao 250 ilikuwa imechanganyika kimakosa na viini vikali vya kifua kikuu. Watoto zaidi ya 70 walikufa. Wengi wa waliobaki waliugua wakapona, ingawa wakati huo hapakuwa na dawa. Kwa muda mrefu mkasa huo ulitajwa kama ushahidi wa nguvu za urithi. Lakini hesabu zilipopitiwa upya ilionekana kwamba watoto hawakupata viini kwa kiasi sawa, na waliopata vingi ndio walioumia zaidi. Damu ngumu ina kikomo chake. Chumba kimoja cha watu sita, kisicho na dirisha, hukifikia kikomo hicho upesi.

Nina sababu nyingine ya kuyaogopa maneno "damu yetu". Yamewahi kutumiwa dhidi yetu. Mwanzoni mwa karne ya 20, wachimba dhahabu Waafrika wa Afrika Kusini walipokuwa wakifa kwa kifua kikuu, madaktari wengi wa Kizungu walidai kwamba Mwafrika hakurithi nguvu za kuupinga ugonjwa huo. Dai hilo liliwafaa wenye migodi. Vumbi la mawe, mabweni yaliyojaa pomoni na chakula duni havikupewa uzito uliostahili. Leo nikisikia mtu akisema kabila fulani lina kifua, au ukoo fulani usiolewe, naona kosa lile lile limerudi kwa mlango wa nyuma.

Nchini Uingereza, vifo vya kifua kikuu vilipungua sana kuanzia katikati ya karne ya 19, kabla streptomisini haijagunduliwa mwaka wa 1943. Wataalamu wangali wanabishana iwapo sababu kubwa ilikuwa mlo, makao au kutengwa kwa wagonjwa. Lakini jeni za taifa zima haziwezi kugeuka kiasi hicho katika vizazi vitatu. Kilichobadilika ni maisha ya watu.

Hapa Kenya, uchunguzi wa kitaifa uliofanywa mwaka wa 2016 ulipata wagonjwa 558 katika kila watu wazima 100,000. Wengi wao hawakuwa na virusi vya Ukimwi. Naam, virusi hivyo huongeza hatari hii kuliko karibu jambo lingine lolote, lakini kisukari, sigara, pombe na utapiamlo pia huubomoa ule ukuta. Hayo yote twaweza kuyafanyia jambo. Jeni hatuwezi.

Watu huniuliza kuhusu mashine ya GeneXpert wakidhani kwamba inapima urithi wao. La. Mashine hiyo inachunguza jeni za kiini kilicho katika makohozi: kama kipo, na kama kimekuwa sugu kwa dawa ya rifampisini. Haimwulizi mtu babake ni nani. Dawa nazo haziulizi. Utafiti wa kufupisha matibabu ya kifua kikuu hadi miezi sita ulianza hapa kwetu Afrika Mashariki mwaka wa 1970, na dawa hizo zimeponya watu wa kila kabila.

Kwa hivyo ombi langu ni moja. Mtu mmoja nyumbani akipatikana na kifua kikuu, wote wapimwe, aliye mzima kwa mgonjwa, mtoto kwa mzee. Matibabu ni ya bure katika vituo vya serikali. Aliyeambukizwa na hajaugua, hasa mtoto, apewe dawa za kinga. Madirisha yafunguliwe, ya nyumba na ya matatu. Tuache kuulizana ugonjwa umetoka upande gani wa ukoo.

Bwana yule alirudi baada ya siku nne, baada ya mkewe kumsihi. Alileta watoto watatu. Yeye mwenyewe hakuwa na ugonjwa, na nilimwambia hivyo bila kinyongo. Wakubwa wawili walipewa dawa za kinga. Kitinda mimba, msichana wa miaka miwili, alikuwa ameanza kuugua. Sasa amemaliza dawa na ameongeza uzito. Damu ya babake haikumkinga. Kilichomwokoa ni kuletwa mapema.