Kamba Moja Haitoshi kwa Kila Mbegu ya Mahindi

Msimu ukifika, mashamba mengi ya mahindi hupimwa kwa kamba yenye mafundo: sentimita 75 kati ya mistari, 30 kati ya mashimo, mbegu moja kila shimo. Hiyo ni mimea 18,000 hivi kwa ekari. Ushauri wenyewe si mbaya. Kasoro ni kuutumia bila kubagua, kwa H614, mbegu chotara ndefu ya nyanda za juu inayokaa shambani takriban miezi sita, na kwa SC 403 inayokomaa mapema. Mbegu tunabadilisha, kamba tumeiacha ilivyokuwa, na mavuno yanapotelea hapo.

Mahindi yakibanana hugombea mwanga, maji na mbolea, na athari huonekana yanapochanua. Mbelewele humwaga chavua kwa wakati wake, lakini ndevu za gunzi huchelewa. Zikichomoza, chavua imekwisha. Mkulima huvuna magunzi yenye mapengo, na mimea mingine haizai kabisa. Uwezo wa kustahimili msongamano hutofautiana kati ya mbegu na mbegu. Nchini Marekani, miaka ya 1930 hekta moja ilibeba mimea 30,000 hivi. Leo inabeba karibu 80,000. Watafiti walipozipanda mbegu za zamani na mpya bega kwa bega, waliona kuwa zikipandwa kwa nafasi kubwa hazipishani sana. Mpya hushinda zinapobanwa. Anayenunua mbegu ya namna hiyo kisha akaipanda kwa nafasi ya mbegu ya zamani amelipia uwezo asioutumia.

Wapo watakaosema gunzi nono hutokana na nafasi pana. Ni kweli, ila gunia hujazwa na jumla ya punje za ekari nzima, si na unono wa gunzi moja. Wengine watasema basi tubananishe kila mahali. Hapana: msongamano wa Marekani unakwenda na mbolea nyingi, na kwenye ukame kama wa Dodoma mimea mingi humaliza unyevu kabla punje hazijajaa. Kupunguza nafasi kati ya mashimo hadi sentimita 25 huongeza mbegu kwa moja ya tano, kufikia mimea 21,600 kwa ekari. Bila mvua na mbolea ya kutosha, hiyo ni hasara. Hoja nzito zaidi ni ya maafisa ugani, kwamba kipimo kimoja hukumbukika kirahisi. Lakini mkulima anayejua tofauti ya mbolea za DAP na urea hashindwi kusoma namba mbili kwenye mfuko.

Namba hizo ndizo zinazohitajika. Taasisi za kuthibitisha mbegu, TOSCI nchini Tanzania na KEPHIS nchini Kenya, hupima mbegu mpya kabla hazijaruhusiwa sokoni. Majaribio hayo yafanyike kwa nafasi zaidi ya moja, na kila mfuko uchapwe idadi ya mimea kwa ekari: moja kwa mvua nzuri na mbolea, nyingine kwa mvua haba.