Mchezo Nao Wataka Chuo
Hapa Mwatate, kijana akikutwa mbele ya mchezo wa kompyuta huambiwa amepotea. Hata hivyo, mwaka 2000 Guillaume Patry, mgeni kutoka Kanada, alitwaa ubingwa wa StarCraft huko Korea Kusini, katika mashindano ya kulipwa yaliyoonyeshwa kwenye televisheni. Na mwaka 2018 Mkenya Sylvia Gathoni, mchezaji wa Tekken, alisajiliwa na timu ya Marekani, UYU. Hawakufika huko kwa kubahatisha; mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kosa letu ni kumwachia kijana mchezo bila saa wala mwalimu. Sisi chuoni tulipangiwa wakati, tukasikilizwa, tukasahihishwa. Wazazi, msiwafukuze vijana hawa. Wapangieni saa, baada ya sala na masomo, kisha waulizeni wamejifunza nini.