Bahari Si ya Walioshiba Pekee

Kuna kauli inayorudiwa vijiweni na hata kwenye vikao vya halmashauri: kulinda kasa, matumbawe na papa ni anasa ya watalii na wafadhili, kwani mtu wa pwani mwenye njaa humwona samaki kama kitoweo tu. Kauli hiyo hujifanya kumwonea huruma mvuvi. Mimi naiona inamdhalilisha, maana inamchukulia kama mtu asiyeweza kuwaza kupita bamvua lijalo.

Mwaka 2004, Wavezo, jamii ya wavuvi wa kijiji cha Andavadoaka, kusini magharibi mwa Madagaska, walifunga sehemu ya mwamba wao kwa miezi kadhaa ili pweza wakue. Watu hao hawakuwa na shibe ya kuchezea. Lakini pweza hukua upesi mno, na jike hutaga mara moja tu maishani: hulinda mayai bila kula hadi yaanguliwe, kisha hufa. Anayemtoa shimoni akiwa mdogo hupoteza uzito ambao angeupata bila jasho, na kizazi chake pia. Mwamba ulipofunguliwa pweza walikuwa wakubwa zaidi, vijiji jirani vikaiga, na baadaye utaratibu wa namna hiyo ukafika Kisiwa Panza, Pemba. Nako Kuruwitu, Kilifi, wavuvi walioona samaki wakipungua mwaka hadi mwaka walitenga kama hekta 30 za bahari katikati ya miaka ya 2000, wakaziita tengefu. Mwaka 2017 wakapata Tuzo ya Ikweta ya UNDP. Mapenzi yao kwa bahari yana hesabu ndani yake, nami sioni kwa nini mapenzi yenye hesabu yahesabiwe pungufu kuliko ya anayeitazama kwa miwani ya kuzamia.

Nitaambiwa kwamba nyuma ya Andavadoaka kulikuwa na shirika la Uingereza. Ni kweli. Ila mwamba hauna uzio, na hakuna shirika linaloweza kukesha juu yake; unasalimika pale tu wenyeji wanapokubali kutouingia. Nitaambiwa pia kwamba watu wa pwani walikula kasa na kuuza magamba ya ng'amba, na hilo nalo ni kweli. Hoja nzito ni ya njaa. Mwamba ukifungwa, mwenye boti huenda maji makuu. Anayebaki bila kitu ni mwanamke anayeshuka pwani kwa miguu maji yakitoka, kutafuta pweza. Siku ya kuufungua, wageni huweza kumiminika wakavuna alichokisubiri yeye. Naikubali hoja hii yote, lakini haithibitishi kwamba mama huyo haijali bahari. Inathibitisha kwamba gharama ya kuilinda imetupwa mabegani mwake. Basi eneo lifungwe dogo, muda uwe mfupi, na yeye asikilizwe kikaoni kabla ya mwenye boti. Wala kutoilinda si bure kwa maskini; uvuvi wa baruti utufunze hilo: baruti ikilipuka huua wakubwa kwa wachanga na kuvunja matumbawe ya karibu na ufuo, palepale mwenye mtumbwi anapoweza kufika.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukiwa kikaoni ukasikia tena kwamba maskini hana haja na hifadhi, mwulize msemaji ni maskini gani wa pwani aliyemsikiliza, na kama aliwahi kumwuliza eneo lipi lifungwe na kwa muda gani.