Maarifa ya Nyumbani: Kitu Kidogo Kilichopotea Chini ya Motokaa



Wazee walisema: mdharau mwiba, mguu huota tende. Juma hili twataka kuzungumza nanyi juu ya miiba ya namna nyingine, yaani nati, pini, mipira na vibanio ambavyo hudondoka chini ya motokaa ya nyumbani, kimoja kimoja, mwenyewe asijue.

Motokaa nyingi tunazoziona Bunia zilianza maisha yao katika barabara laini za Japani. Zilivuka bahari mpaka Mombasa, zikapita Uganda, na nyingine zikaingia kwetu kwa njia ya Mahagi. Huku zimekuta udongo mwekundu, mawe na mashimo. Kinachotikiswa kila siku hulegea, na kilicholegea mwisho wake hudondoka.

Labda utasema: “Kitu kidogo hivyo chaweza kuleta hasara gani?” Tumfikirie baba mmoja wa Bunia anayetaka kuwapeleka mkewe na watoto wao wanne Kasenyi, kando ya Ziwa Albert. Mji wetu uko karibu mita 1,275 juu ya bahari, na ziwa liko karibu mita 615 tu. Basi, akiisha kupita Bogoro, hana budi kushuka mteremko mkubwa. Katika gurudumu lake la mbele, pale fimbo ya usukani inaposhikana na gurudumu, pana nati yenye meno kama taji. Nati hiyo huzuiwa na pini nyembamba yenye miguu miwili ya kukunjwa, ambayo Wafaransa huiita goupille. Pini hiyo haipo. Hata hivyo motokaa yaenda vizuri, na usukani hautoi onyo lolote. Lakini nati isiyo na pini yaweza kujifungua polepole. Siku itakapotoka, baba atazungusha usukani na gurudumu lile halitamtii. Roho sita zilikuwa zikitegemea pini isiyofikia urefu wa kidole.

Sasa, mtu aonaje kitu ambacho hakipo? Hawezi kukiona chenyewe, bali huona mahali pake. Fuateni njia hizi.

Kwanza, osheni motokaa kwa chini, maana matope huficha kasoro zote. Pili, linganisheni kuume na kushoto. Vyuma vinavyoshika magurudumu hupangwa kwa jozi; kikionekana kitu upande mmoja, kitafuteni upande wa pili. Tatu, tafuteni alama ya duara. Palipokaa nati au kichwa cha bolti, chuma hubaki safi kuliko pembeni. Duara liking'aa, kitu kilidondoka karibuni. Likiwa na kutu, kilipotea zamani.

Lakini jihadharini: si kila tundu lina upungufu. Matundu mengine yaliachwa wazi na kiwanda ili maji yatoke. Ukiwa na shaka, tazama motokaa ya jirani iliyo ya aina ile ile kabla ya kuziba.

Baada ya pini za usukani, angalieni vibanio vya mabomba ya breki. Bomba lisiloshikwa hucheza, husuguana na chuma, mwisho hutoboka, na mafuta ya breki humwagika. Angalieni pia mipira inayoning'iniza bomba la moshi, na vizibo vya mpira vilivyo katika sakafu. Bomba likipasuka na kizibo kikikosekana, moshi waweza kuingia ndani walimoketi watoto. Katika moshi huo mna monoksidi ya kaboni, hewa isiyo na rangi wala harufu, nayo huua. Mwisho, tandikeni karatasi ngumu chini ya injini usiku kucha. Tone la oili asubuhi huenda likaonyesha kwamba aliyebadili oili alisahau kuweka wosha mpya kwenye kizibo cha chini.

Kabla ya kuingia chini, kumbukeni jambo moja. Jeki ni ya kuinulia tu, si ya kutegemea. Egesheni mahali tambarare na pagumu, zuieni magurudumu, kisha wekeni stendi za chuma. Msitumie matofali, kwa sababu hupasuka ghafula.

Na kurudisha kilichopotea kuna taratibu zake. Pini ya kukunjwa haitumiki mara mbili, kwa kuwa chuma kilichokunjwa na kunyooshwa hukatika. Msiweke msumari wala waya mahali pake. Nati ya taji hukazwa kwanza. Tundu lisipolingana, huongezwa kukazwa kidogo mpaka lilingane, wala hailegezwi kamwe. Bolti mpya ianze kuingia kwa vidole. Bolti mbili zaweza kuwa na unene mmoja na hesi tofauti. Ukilazimisha kwa spana, utaharibu hesi ya ndani, na kazi ya dakika tano itakuwa ya siku mbili. Mpira wa bomba la moshi nao usibadilishwe kwa waya, kwa sababu waya haunyumbuki, na bomba hupasuka.

Kazi ya usukani na breki mwachieni fundi mwenye ujuzi. Kazi ya mwenye motokaa ni kuona, kuuliza, na kuitazama pini mpya ikikunjwa mbele ya macho yake. Fundi mwema hachukizwi na jambo hilo.

Nanyi wanafunzi, msiingie chini ya motokaa, bali mna kazi nyingine ya kufaa. Shikeni tochi, tena daftari. Andikeni tarehe, upande, na kitu kilichokosekana. Baada ya miezi michache mtajua ni kitu gani hulegea mara kwa mara, na baba atajua cha kukaguliwa kwanza kabla ya safari ya Komanda au Mahagi. Kila mkaaji wa Ituri ajua kwamba kukwama njiani jua linapotua si jambo dogo.

Basi, Jumamosi hii, kabla ya kuwapakia watoto, chukueni nusu saa mtazame chini. Mkikuta kila kitu mahali pake, mtasafiri kwa moyo mtulivu. Mkikuta tundu tupu, shukuruni kwamba mmeliona nyumbani, wala si katika mteremko wa Kasenyi.