KAMSHAFTI IBADILISHWE HAPA HAPA KIJIJINI, NA TAPETI ZAKE ZOTE 12

Ndugu wanachama,

Lori letu la ushirika, Bedford lile kongwe, limesimama mbele ya ghala wiki ya tatu sasa, na mahindi yamo ndani yanangoja. Fundi wetu alifungua kifuniko cha juu, akazungusha injini kwa mkono na kupima kila roka inainuka kiasi gani. Kumi na moja zinainuka vizuri. Moja, ya silinda ya 4, inainuka nusu tu. Alipofungua sampu akakuta unga wa chuma ndani ya oili. Basi ugonjwa umejulikana: nundu moja ya kamshafti imelika.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Kuna ndugu zetu wanaosema eti kamshafti ni moyo wa injini, mwanakijiji haugusi, lori livutwe mpaka gereji ya mjini. Tunawauliza: moyo gani? Kamshafti ni fimbo ya chuma yenye nundu, urefu wake kama mkono wa mtu mzima. Krenki ikizunguka mara 2, yenyewe inazunguka mara 1, kwa sababu gia yake ina meno mara mbili ya ile ya krenki. Nundu inasukuma tapeti, tapeti inasukuma fimbo, fimbo inasukuma roka, roka inafungua valvu. Silinda 6, valvu 12, tapeti 12. Sisi tuliojifunza kuhesabu tukiwa na ndevu tunaiweza hesabu hiyo.

Hiyo hofu ya spana ni kasumba. Watu hao hao wakivunjikiwa mpini wa jembe hawaendi mjini! Kitabu cha injini tunacho. Kimeandikwa Kiingereza, lakini mwalimu wa darasa la jioni ametusomea sura yote, na michoro tunaiona wenyewe kwa macho yetu. Hakuna mahali kinaposema kazi hii ifanyike kwenye jengo la ghorofa. Kinasema rejeta itolewe, puli na kifuniko cha mbele vifunguliwe, roka zishuke, fimbo 12 zipangwe kwa namba zisichanganyike, tapeti ziondolewe njiani, ndipo kamshafti ichomolewe kwa mbele, polepole, imenyooka, isikwaruze bushi zake. Ni kazi ya subira. Kijana wetu aliyesomea ufundi ameshaifanya, na dereva na utingo watamsaidia.

Tumesikia pia kwamba baadhi ya wanaopiga kelele kwamba tusiguse lori wana jamaa mwenye lori la kukodisha. Kila siku Bedford inaposimama, lile la kukodisha linakula ushuru wetu. Jina hatulitaji hapa ukutani. Mwenyewe ajitaje mkutanoni.

Lakini ndugu, wako wengine, na hawa wanatutia wasiwasi zaidi kwa sababu wanajiita watetezi wa fedha za chama. Wanakubali kazi ifanyike kijijini, ila wanasema tununue kamshafti mpya peke yake, tapeti za zamani zirudishwe. Eti tapeti hazijavunjika. Eti 11 kati ya 12 ni nzima.

Hapana bwana! Tapeti mpya uso wake umetuna kidogo sana, huwezi kuona kwa macho. Kwa sababu ya huko kutuna inajizungusha yenyewe inapofanya kazi, na nundu haiigongi mahali pamoja tu. Tapeti iliyotumika miaka mingi imeliwa na nundu yake, uso umebonyea, haizunguki tena. Ukiiweka juu ya nundu mpya inaitafuna. Asiyeamini aje ghalani, tapeti zimepangwa mezani. Chukua rula ya shule, uweke ukingo wake juu ya uso wa tapeti, uinue kwenye mwanga. Utaona mwanga unapita katikati. Mtu akishaona hivyo halafu aseme zirudishwe, huyo habani matumizi, anatupa kamshafti mpya shimoni. Kwa mfuko wa chama tutakuwa tumelipa mara mbili, na mara ya pili mahindi yatakuwa yamekwisha kuliwa na dumuzi.

Kuhusu mahali pa kazi: wengi wanataka iwe chini ya mwembe. Mwembe ni mzuri kwa bao. Upepo wa saa sita unaleta vumbi, na vumbi ndani ya injini ni msasa. Lori lisukumwe hadi banda la nyuma ya ghala, sakafu imwagiwe maji, na watoto wasichezee misumari ya sampu. (Boliti mbili zimekwisha kupotea. Aliyeziokota azirudishe, hatauliziwa.)

Alama za gia fundi azionyeshe kwa wajumbe wawili kabla kifuniko cha mbele hakijarudi. Jino moja likiruka lori halivuti mlima. Yakiruka zaidi, valvu zinagongana na pistoni, na hapo wale wa mjini watatucheka kwa haki.

Na siku ya kuwasha, tunaomba sana, pasiwe na ngoma na hotuba huku injini inaunguruma polepole. Nundu mpya zinapata oili kwa kurushiwa, na injini ikienda taratibu oili hairuki vya kutosha. Zipakwe mafuta mazito kabla ya kufungwa, oili iwe mpya, filita iwe mpya, na injini ikishawaka ipandishwe mwendo wa kati, ikae hapo dakika 20 hivi bila kuachwa ishuke. Hotuba zitafuata ikizimwa.

Mkutano ni Jumamosi saa 4 asubuhi, ghalani. La kuamua ni moja: fedha za tapeti 12, gasketi, filita na oili zitoke mfuko wa ushuru au hapana. Kazi itaanza Jumatatu. Mwenye turubai safi na taa ya betri alete kwa mtunza ghala, ataandikiwa.

Katibu