Mpira Ukidunda Mara ya Pili

Mwezi wangu ulianza kwa nuksi. Kazi niliyoikeshea wiki mbili bosi aliirudisha kwa sentensi moja tu, nami hasira nikaibeba hadi nyumbani. Mume wangu aliuliza tu, "Kulikoni?" Nikamjibu mkato. Akaenda kulala bila neno.

Nikabaki sebuleni na rimoti, ndipo nikakuta marudio ya fainali ya tenisi ya viti vya magurudumu, Paralimpiki ya Beijing, mwaka 2008. Mmoja wa wachezaji alikuwa Esther Vergeer wa Uholanzi. Dada huyu alipokuwa na miaka 8 alifanyiwa upasuaji wa uti wa mgongo, na tangu hapo miguu yake haikumbeba tena. Akajifunza kikapu na tenisi akiwa kwenye kiti, na mwaka 1999 akawa namba moja duniani. Januari 2003 alifungwa na Daniela Di Toro wa Australia. Baada ya hapo, kwenye mechi za mmoja mmoja, hakufungwa tena mpaka alipotangaza kustaafu mwaka 2013. Mechi 470 mfululizo! Mtu wa namna hiyo hahitaji pole yangu wala yako.

Lakini pale Beijing ilibaki pointi moja tu afungwe na Mholanzi mwenzake, Korie Homan. Akaiokoa, akachukua seti ya tatu 7-6, na dhahabu ikawa yake.

Kilichonigusa zaidi ni sheria ya mchezo wenyewe. Uwanja ni uleule, wavu uleule, raketi zilezile. Tofauti kubwa ni kwamba mpira unaruhusiwa kudunda mara mbili, na mara ya pili unaweza kudunda hata nje ya mistari. Mwanzoni nilidhani ni upendeleo. Wapi! Mkono ulioshika raketi ndio huohuo unaosukuma gurudumu. Ukichelewa kuanza kusukuma, mpira utadunda mara ya pili na bado hutaufikia.

Hapo nikajiona mwenyewe. Bosi hakuitupa kazi yangu, aliirudisha. Mume wangu hakugombana nami, aliuliza kulikoni. Mpira ulikuwa bado haujafa, mimi ndiye niliyekaa kuutazama ukipita.

Nikazima televisheni, nikaingia chumbani, nikamwamsha. "Samahani, mume wangu." Tuliongea mpaka saa saba usiku, na nusu ya mawazo yaliyoiokoa kazi yangu yalitoka kwake. Jumatatu niliirudisha mezani kwa bosi. Safari hii aliisoma mpaka mwisho.

Wewe je, msomaji wangu? Kuna mtu nyumbani au ofisini anayekusubiri leo? Anza kusukuma sasa.

Tukutane mwezi ujao.

Mhariri